Kisumu, Nakuru au Kitale: makumbusho gani yanaifaa siku yako moja?

Ukiwa na watoto wadogo na siku moja tu, nenda Makumbusho ya Kisumu. Ukiwa na mwenzako anayependa kuuliza maswali, nenda Hyrax Hill, Nakuru. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Mwenye nafasi na aendelee, kwa sababu watu wengi hutoka mahali pazuri wamenuna, kisa walikwenda wakitarajia mambo ya mahali pengine.

Kuna makumbusho ya kujionea na makumbusho ya kuelezwa. Kisumu ni ya kujionea: mamba ni mamba, nyoka ni nyoka, na nyumba ya mke mkubwa imesimama pale uingie na utoke. Hyrax Hill ni ya kuelezwa. Vitu vyake vikubwa viko ardhini, na mtu aliyeingia bila mwongozo ataona nyasi, mawe na mabonde madogo yaliyoota majani, kisha atawaambia majirani kwamba hakuna kitu. Akiingia na mwongozo mzuri, mabonde yale yale yanakuwa maboma ya ng'ombe, na mawe yanakuwa makaburi. Kitale iko katikati ya hizo mbili. Kapenguria ni habari nyingine kabisa, nayo tutaifikia.

Kisumu: anza na dala, maliza na mamba

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980. Yako kando ya barabara kuu ya Nairobi, ukitoka mjini kuelekea Nyamasaria. Kutoka katikati ya mji, tuktuk au boda boda hukufikisha kwa dakika chache. Mwambie dereva "myuziamu", maana ukisema "makumbusho" wengine watakutazama tu.

Kosa la kawaida hapa ni mpangilio wa ziara. Familia nyingi hukimbilia nyoka na mamba kwanza kwa kuwa watoto wanavuta mikono. Baada ya hapo hakuna mtoto atakayekubali kusimama mbele ya chungu cha nafaka. Geuza mpango: anza na Ber-gi-dala, ingia ukumbini, halafu wanyama wawe zawadi ya mwisho. Saa moja na nusu hadi saa mbili zinatosha.

Ber-gi-dala ni dala, yaani boma kamili la Kijaluo, lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Usilitazame kama kundi la nyumba za nyasi. Lisome kama ramani ya familia. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, iko upande wa ndani ikilitazama lango. Ya nyachira, mke wa pili, iko ubavu mmoja, na ya reru, wa tatu, ubavu wa pili. Wavulana waliobaleghe hujenga vibanda vyao, viitwavyo simba, karibu na lango. Mtu anayeujua mpangilio huo anaweza kuingia boma asilolijua na kutambua nani ni nani kabla hajasalimiwa. Muulize mwongozo akueleze goyo dala, yaani desturi ya kijana kutoka kwa babaye na kuanzisha boma lake, na kwa nini safari hiyo huwa na jogoo, shoka na moto. Ukiwa na gari na nusu siku ya ziada, Kit Mikayi, majabali makubwa ya Seme yaliyo kama kilomita 30 kutoka Kisumu kwenye barabara ya Bondo, yatakuwa na maana zaidi baada ya somo hili: jina lenyewe ni jiwe la mikayi yuleyule.

Ukumbini kuna zana za kilimo na uvuvi, mapambo, silaha na vyombo vya nyumbani vya jamii za Nyanza na majirani zake. Kitu ambacho watoto hawakisahau ni simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu mgongoni, kucha na meno vikiwa kazini. Wenye watoto wa miaka mitatu au minne wajue hilo mapema, baadhi hulia.

Kwenye matangi ya samaki watu hupita mbio, na ni hasara. Tangi dogo la samaki wa Ziwa Victoria lina hadithi nzito kuliko simba. Mbuta, yaani sangara, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka, akala fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao wengi wao hawapatikani tena popote duniani. Ngege wa asili, yaani tilapia, naye akapungua mno. Samaki anayekaangwa leo Kisumu na kuitwa ngege kwa kawaida ni wa aina nyingine, naye pia aliletwa karibu wakati ule ule. Ukimwonyesha mtoto samaki kwenye tangi kisha ukamuuliza nani mwenyeji na nani mgeni, utakuwa umemfundisha zaidi ya ukurasa mzima wa kitabu.

Kuhusu nyoka, usitarajie sinema. Nyoka aliyeshiba anaweza kukaa wiki nzima bila kula, na asubuhi ya baridi hasogei. Wakati mzuri ni jua likishapanda, kama saa nne hivi. Usigonge kioo: hakimwamshi, kinamtesa tu.

Udhaifu wa Kisumu ni kelele. Siku za kati ya wiki, hasa muhula wa pili, mabasi ya shule hufuatana, na darasa la wanafunzi 50 likiingia ukumbini husikii tena mwongozo wako. Sikukuu kama Krismasi na Idd nazo hujaza watu. Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka kanisani, ndiyo saa tulivu.

Usichanganye makumbusho na hifadhi ya swala iliyo kando ya ziwa, njia ya kwenda Dunga. Ile iko chini ya shirika la wanyamapori, ina tiketi yake, na risiti ya makumbusho haikufungulii lango.

Hyrax Hill: mwongozo ndiye nusu ya makumbusho

Kilima hiki kiko kilomita 4 hivi kutoka katikati ya Nakuru, kando ya barabara ya Nairobi. Matatu za Lanet na zile za Gilgil hupita hapo. Mwambie kondakta mapema akushushe kwenye bango, kisha tembea kuingia ndani. Jina limetokana na pimbi waliokuwa wengi kwenye majabali yake.

Louis Leakey alipatambua mahali hapa mwaka 1926, lakini aliyechimba ni Mary Leakey, mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 pakatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Nyumba ya maonyesho ilikuwa nyumba ya mlowezi, ikageuzwa makumbusho mwaka 1965, na ni ndogo: vyumba vichache, ambavyo ukivipitia kwa haraka unamaliza kwa dakika kumi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaona vipande vya vyungu na vijiwe vyeusi vinavyong'aa, wanasema "basi?" na kurudi barabarani. Vijiwe hivyo ni obsidiani, kioo kilichotokana na volkano, na makali yake yaliyochongwa vizuri yanashinda wembe. Watu wa kale waliifuata mbali; machimbo yake makubwa yalikuwa upande wa mlima Eburru, karibu na Naivasha. Ukijua hivyo, kijiwe kile kinakuwa ushahidi wa biashara na safari.

Tumia dakika 20 hadi 30 ndani ukitazama ramani na michoro, ndipo utoke na mwongozo. Ziara ya nje ni saa moja na nusu ukijumlisha kupanda kilele.

Nje utaoneshwa makaburi ya wafugaji wa kale, wa yapata miaka 3,000 iliyopita. Wanawake walizikwa na sahani za mawe na mitwango. Wanaume hawakuwekewa vitu hivyo. Kwa nini? Mwongozo atakupa maelezo, nawe utakuwa na yako, na mjadala huo ndio utamu wa mahali hapa. Karibu na hapo ilipatikana mifupa ya watu 19 wa enzi ya chuma, baadaye sana, wengi wao wanaume vijana, baadhi wakiwa wamekatwa vichwa.

Kisha kuna yale mabonde yaitwayo mashimo ya Sirikwa, kwa jina la watu wanaosemekana kuishi huku zamani. Mgeni huyadhania mahandaki ya vita. Yalikuwa maboma ya mifugo yaliyochimbwa kwenye mteremko: ng'ombe walilala ndani ya shimo, nyumba ikaunganishwa ubavuni, na samadi na majivu yakatupwa upande wa chini mpaka yakafanya kichuguu. Ndiyo maana karibu kila shimo lina tuta lake upande wa mteremko. Ukishaonyeshwa moja, utayatambua mengine mwenyewe, hata ukiwa safarini Uasin Gishu au Trans Nzoia, na hakuna dirisha la matatu litakalokuwa la kawaida tena.

Kwenye mwamba kuna bao lililochongwa, mashimo yake yakiwa yamelainishwa na vidole vya wachezaji. Keti ucheze ukitaka, kwa kete za mbegu ulizobeba. Usiokote kokoto za hapo. Kipande kidogo cha obsidiani mfukoni ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na kwa mchimbaji wa mambo ya kale kipande kilichohamishwa hakina tena habari ya kutoa.

Juu ya kilima unaliona Ziwa Nakuru. Zamani za mvua nyingi ziwa lilipanda juu sana kuliko lilivyo leo, na ukisimama pale huhitaji kuelezwa kwa nini watu walichagua kukaa hapa.

Hakuna kivuli cha maana huko nje. Kufikia saa sita mchana jua la Nakuru huunguza hata kukiwa na upepo wa baridi, na ubaridi huo ndio unaowadanganya watu wasivae kofia. Viatu viwe vya kufunga, maana nyasi zina miiba. Lita moja ya maji kwa kila mtu. Mvua ikinyesha alasiri miamba huteleza, kwa hiyo kilele kipandwe asubuhi.

Kwa watoto walio chini ya miaka minane tungesema hapana, isipokuwa wale wanaopenda kupanda mawe. Kwa mwanafunzi wa sekondari wa historia hakuna mahali panapokaribia hapa.

Nakuru ina nyongeza mbili ambazo watu huzichanganya. Kariandusi, upande wa Elementaita kwenye barabara hiyo hiyo ya Nairobi, ni mahali pa shoka za mkono za mawe zilizotumiwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Uzuri wake ni kwamba zana nyingi zimeachwa pale pale zilipofukuliwa, zimetapakaa chini. Inaungana vizuri na Hyrax Hill kwa siku moja: Hyrax Hill asubuhi, Kariandusi baada ya chakula cha mchana. Pili ni jumba la Lord Egerton kule Njoro, lenye vyumba 52, lililojengwa kati ya 1938 na 1954. Ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton, kwa hiyo lina kiingilio chake. Watu huenda kwa hadithi ya mapenzi yaliyokataliwa, ambayo kila anayeisimulia huikata na kuishona upya. Nenda kwa ajili ya mbao, mawe na ngazi. Hadithi ichukue kama kachumbari.

Kitale na Kapenguria: kwa atakayelala njiani

Makumbusho ya Kitale ndiyo ya kwanza kuanzishwa bara, mbali na Nairobi na pwani. Mlowezi Hugh Stoneham alianza kukusanya wadudu, wanyama na vitabu, akafungua makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 mkusanyiko ukabaki kwa taifa, na jengo jipya likafunguliwa Desemba 1974.

Ukilinganisha na Kisumu, vitu vya ukumbini vinakaribiana, na Kisumu inashinda kwa boma lake kwa sababu ni moja, kamili, lenye mpangilio. Kitale ina nyumba za jamii mbalimbali za magharibi, kila moja kwa mfano wake, nzuri kwa kulinganisha ujenzi wa Waluhya, Wanandi na Wasabaoti: tazama paa linavyoshuka, nguzo ya kati ilivyo, mifugo inalala wapi. Lakini Kitale ina kitu ambacho Kisumu haina: njia ya miguu ndani ya msitu wa asili wa kando ya mto. Watu wengi hawafiki huko, kwa kuwa hudhani ziara imeisha wakitoka ukumbini. Iulizie langoni. Ipe saa nzima, nenda polepole, tazama juu. Nyani na ndege hawaji kwa wanaopiga makelele. Baada ya mvua njia ni tope tupu.

Kutoka Kisumu kwenda Kitale kupitia Kakamega na Webuye si safari ya kwenda na kurudi kwa starehe siku moja kwa matatu. Panga kulala, na ukilala, asubuhi panda gari la Makutano ufike Kapenguria.

Makumbusho ya Kapenguria, yaliyofunguliwa mwaka 1993, yako kwenye gereza walimofungiwa wale wapigania uhuru sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Walikamatwa Oktoba 1952, kesi ikaanza Desemba, hukumu ikatoka tarehe 8 Aprili 1953. Ukumbini utaona picha, vitabu na vitu vya Wapokot, lakini simama kwanza ndani ya seli, mlango ukiwa umerudishwa, dakika moja bila kuongea. Upana wa chumba ndio maelezo. Mahali hapa hapana burudani ya watoto, wala hapajajifanya panayo. Wazee wanaoikumbuka hali ya hatari ya wakati wa ukoloni hukaa muda mrefu kuliko vijana. Mpe mzee wako kiti na usimharakishe.

Thimlich Ohinga si ya mchana mmoja

Baada ya kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2018, watu wa Kisumu huiulizia sana. Ni kuta za mawe katika kaunti ya Migori, zilizojengwa bila udongo wala saruji, za karne ya 16 hivi. Zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3. Ukuta una safu ya nje na ya ndani, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa. Ndiyo siri ya kusimama kwake, na ndiyo sababu usikanyage juu wala kuchomoa jiwe. Jiwe moja likitoka, ukuta hufura tumbo na kumwagika mvua ikija. Milango ni mifupi makusudi: anayeingia huinama, kichwa kikiwa mbele ya mlinzi.

Iko kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Toka Kisumu alfajiri au lala Migori au Homa Bay. Beba chakula na maji, jaza mafuta kabla ya kuacha lami, na msimu wa mvua gari dogo la chini litakuabisha. Kama uliona Ber-gi-dala kwanza utafaidi mara mbili, maana mpangilio wa ndani ya kuta hizi ni ndugu wa ule wa dala.

Anayetaka sanaa, si historia

Picha za rangi na sanamu za wasanii wa Afrika, zilizopangwa kama mkusanyiko mmoja, ni jambo la Nairobi. Nairobi Gallery, ndani ya jengo la zamani la ofisi ya mkuu wa mkoa lililojengwa mwaka 1913, ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Kwa safari hiyo, unganisha na Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, ambako mifupa mingi iliyofukuliwa huku kwetu imehifadhiwa, pamoja na ya mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984.

Lakini mtu wa magharibi anayetaka kuona sanaa ikizaliwa, tungemtuma Tabaka, Kisii, kwa wachonga mawe ya sabuni. Hakuna kioo kati yako na msanii. Jiwe hutoka chimboni, hukatwa kwa msumeno, huchongwa kwa panga na kisu, husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, kisha hupakwa nta ling'ae. Msasa wa majini ndio unaozuia vumbi; kwenye hatua kavu funika pua, hasa ukiwa na pumu.

Ukinunua, chovya kazi kwenye maji: ufa uliojificha hujichora wenyewe jiwe linapoanza kukauka. Igonge kwa ukucha; mlio mzito usio na uhai ni dalili ya ufa ndani. Kagua shingo za wanyama na vishikio vya vikombe, hapo ndipo huvunjika. Mpatane bei kwa heshima, ukikumbuka kwamba mchongaji, msuguaji na mpaka rangi mara nyingi ni watu tofauti wanaogawana hela hiyo moja. Funga kila kipande peke yake kwa magazeti, na usikiweke kwenye buti la matatu chini ya gunia la mtu.

Langoni

Makumbusho yote ya taifa yanalipiwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na fedha taslimu hazipokelewi. Jisajili nyumbani, si langoni mtandao ukisuasua. Chagua kituo sahihi na kundi sahihi: raia mtu mzima, mtoto, mkazi au mgeni wa nje, kwani tofauti ya bei kati ya raia na mgeni ni kubwa na utaombwa kitambulisho. Tazama bei siku unayokwenda. Ujumbe wa M-Pesa ukichelewa, usilipe mara ya pili. Mwonyeshe karani namba ya ankara asubiri nawe. Shule ibebe barua yenye idadi ya wanafunzi na walimu, na iarifu makumbusho siku kadhaa kabla ili iandaliwe mwongozo.

Milango hufunguliwa kila siku, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Hyrax Hill uwe umefika kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo utauona mlima tu.

Muulize mwongozo kuhusu picha kabla ya kutoa simu. Mweleze pia una muda gani na umekuja na nani; yule wa Hyrax Hill akijua una saa moja atakupeleka moja kwa moja kwenye makaburi na bao, na ataiacha ngome ya kale iliyo kileleni kwa siku nyingine. Bahshishi si lazima, ila akikaa nawe jua likichoma hadi mwisho, mpe mkononi.